Mkate wa Kipakistani na Dumu la Mkwe

Mimi si mtu wa kutulia. Hata kanisani nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, nikichoka nitoke bila kukanyaga miguu ya watu. Kwa hiyo wanaonifahamu hucheka wakisikia kwamba chakula ninachojivunia kuliko vyote ni kile kinachomtaka mpishi asimame mbele ya jiko karibu saa mbili, anakoroga maziwa na haruhusiwi kuondoka.

Nilifundishwa na mama mmoja wa Kipakistani hapa hapa Ifakara, ambaye mumewe alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Nilifanya kazi jikoni kwake miaka minne, wakati binti yangu yuko shule ya msingi. Wao wanakiita shahi tukra, na aliniambia maana yake ni vipande vya kifalme. Nyumbani kwangu kiliitwa mkate wa Kipakistani, basi. Unachukua slesi za mkate uliolala, unakata kingo, unazikaanga kwenye samli mpaka ziwe rangi ya dhahabu, unazichovya kwenye shira yenye iliki, halafu unazimwagia maziwa yaliyochemshwa mpaka yakapungua na kuwa mazito. Juu yake yeye alinyunyiza lozi alizoletewa kutoka Dar es Salaam. Mimi naweka korosho.

Shughuli yote iko kwenye maziwa. Moto unakuwa mdogo, utando unapojitokeza juu unausukuma pembeni mwa karai, mwingine unajitokeza, nao unausukuma, na mwisho unaukwangua wote na kuurudisha ndani. Ukiharakisha yanaungua chini na karai zima linanuka moshi. Kiswahili cha yule mama kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno "polepole" alilijua vizuri, akaniambia kila siku mpaka nikaanza kulichukia. Nikigeuka tu kuangalia nje, nasikia nyuma yangu: "Polepole, dada." Siku za Ijumaa alinipa kilichobaki nikapeleke nyumbani. Binti yangu alikuwa ananisubiri barabarani, na tulikuwa tunafika mlangoni bakuli limeshakuwa tupu.

Nasema haya ili ieleweke kwamba Alhamisi ile, mwezi wa tisa, sikuwa napika kwa ajili ya mgeni. Mgeni alikuwepo, mume wa binti yangu, anatoka upande wa Mngeta. Lakini mkate ule ulikuwa mtego, na niliyekuwa namtega ni binti yangu.

Binti yangu ameolewa na Msukuma, familia ya wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Sikuwahi kuwa na neno na kabila lake. Neno langu lilianza mwezi wa tatu. Uchungu ulimshika binti yangu mto umejaa na barabara imekatika, na mume wake akamfikisha hospitali siku ya pili yake, kwa pikipiki, kisha mtumbwi, kisha pikipiki tena. Alijifungua salama mtoto wa kike, ila alipoteza damu nyingi na kwa siku tatu sikujua kama nina mtoto au sina. Pale nje ya wodi nilimwambia mkwe wangu, mbele za watu, "Angekuwa ng'ombe wako ungemfikisha jana." Aliinamisha kichwa na hakujibu. Ukimya wake niliuchukua kuwa ni kukubali kosa.

Baada ya hospitali binti yangu alikuja kwangu kupumzika wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi sita. Kila alipogusia kuondoka mimi nilikuwa na jambo. Mara mtoto hajamaliza chanjo. Mara mvua haijakatika. Mara maji ya kule yana matope, mara mtoto ana mafua na safari ya pikipiki itamtia homa ya mapafu. Mafua ya mtoto yule niliyatunza kama mgonjwa wangu mwenyewe, nikasikitika yalipopona. Mwezi wa saba barabara ilikauka, ukawa unapita vumbi tupu, nikabaki sina jambo. Kisha simu ikaja kwamba mkwe atafika Alhamisi kuja kuchukua familia yake.

Jumatano nilinunua mkate wa slesi, nikauficha juu ya kabati nyuma ya ndoo, maana binti yangu ananyonyesha na mkate mpya nyumbani kwangu haulali. Nilipiga hesabu zangu hivi: akiamka asikie harufu ya samli na iliki, akumbuke bakuli la Ijumaa, aone kwao ni wapi. Na yule bwana naye aone mke wake katoka kwenye nyumba ya namna gani. Nilitaka ajisikie mdogo. Sasa naona aibu kuliandika hilo, lakini asubuhi ile sikuwa na aibu yoyote.

Alhamisi yenyewe mambo yakaanza kwenda kombo tangu saa moja. Binti yangu alimfunga mtoto mgongoni akaenda kliniki kumpima uzito, akasema foleni ikiwa ndefu atachelewa. Nami nilikuwa nimeagiza lita tatu kwa muuza maziwa anayepita mtaani kwetu na baiskeli. Hakupita. Nikakaanga mkate wote. Nikapika shira. Nikaponda korosho. Nikatoka barabarani, nikarudi. Nikampigia, akasema, "Nipo njiani, mama." Nikafagia uwanja niliokwisha kuufagia. Nikampigia tena, akasema yupo njiani vilevile, na kwa nyuma nikasikia mtu anamwita akanywe chai.

Saa tatu pikipiki ikanguruma nje ya uzio, na haikuwa ya maziwa. Ilikuwa ya mkwe wangu, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

Hapa lazima nieleze. Nyumbani kwao mkwe wa kiume hatazamani uso kwa uso na mama mkwe, na kula mbele yake ndiyo haiwezekani kabisa. Sisi pia tuna heshima za namna hiyo, ila zetu siku hizi zimelegea. Siku zote tukikutana, binti yangu anakaa katikati na maneno yanapita kwake. Asubuhi ile hakuwepo wa kukaa katikati. Alichuchumaa mbali, ubavu ukiwa upande wangu, macho chini.

"Shikamoo, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mwenzio yuko kliniki."

"Sawa, mayu. Mama kanituma na maziwa haya. Ng'ombe kazaa juzi."

Akaweka chini dumu la lita tatu, akarudi kukaa kwenye kivuli cha ukuta, amenipa mgongo. Niliposikia ng'ombe kazaa nikasema moyoni, haya, ameanza kunihesabia mali. Kila siku ng'ombe. Lakini nilipofungua dumu nilisahau kununa. Maziwa yalikuwa ya njano, mazito, yanamiminika taratibu. Katika miaka minne kwa yule mama sikuwahi kuona maziwa mazito namna ile. Nikajiambia leo sina haja ya kusimama saa mbili, haya yamekuja yameshapungua yenyewe.

Nikamimina nusu kwenye karai. Karai langu ni dogo, nusu nyingine nikaiacha kwa awamu ya pili. Na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa, na yule mama wa Kipakistani hayuko tena Ifakara kunisimamia, nikaongeza mkaa.

Hazikupita dakika tano. Nilikuwa nakoroga, mwiko ukawa mzito. Nikakoroga kwa nguvu. Maziwa yakaanza kushikana, yakawa mabonge, mabonge yakashikana yenyewe kwa yenyewe, na pembeni likatoka jimaji la kijanikijani. Nikatoa karai motoni nikaendelea kukoroga hewani kama mwehu. Hakukuwa na maziwa tena pale. Kulikuwa na kitu kama mayai ya kukaanga, na harufu yake sikuijua.

Kwanza nilijilaumu kwa ule mkaa. Kisha hasira ikapata njia nyingine, na mimi hasira yangu ikishapata njia haiulizi. Nikaona miezi sita yote, mto, pikipiki, damu, na sasa mtu anasafiri njia yote hiyo kuniletea maziwa yaliyooza. Nikatoka na karai mkononi mpaka katikati ya uwanja, nikausemesha mgongo wake.

"Maziwa yako yameharibika. Kama mmeshindwa kuleta kitu kizuri bora msilete kabisa. Sisi huku maziwa tunanunua, hatujawaomba."

Alisimama. Hakugeuka.

"Nisamehe, mayu," akasema.

Akashika usukani, akaisukuma pikipiki kwa miguu bila kuiwasha, akatoka nayo kwenye uzio kuelekea barabarani. Nikajua anaondoka. Na nilifurahi. Nasema ukweli wangu, nilifurahi. Nilizunguka nyuma ya jiko nikayamwaga yale mabonge kwenye shina la mgomba, kuku wakayavamia, nikawa nasugua karai huku navuta wimbo puani.

Furaha ile haikufika mbali. Nilipokuwa nasuuza karai nikaanza kufikiria nitamwambia nini binti yangu. Nitasema alikuja akaondoka? Ataniuliza kwa nini. Nitasema alileta maziwa mabaya? Mtu haachi mke wake kwa ajili ya maziwa mabaya, ila anaweza kuondoka kwa kutukanwa na mama mkwe, na binti yangu ananijua mdomo wangu. Nikatoka barabarani kutazama. Upande wa sokoni wanapita watu na magunia ya mpunga kwenye baiskeli, upande wa pili vumbi. Sikumwona. Nikarudi, nikatoka tena.

Safari ya tatu nikakuta bajaji imesimama na binti yangu anashuka, mtoto mgongoni. Mume wake alikuwa kwenye kona pale, kwenye kibanda cha fundi, amekaa juu ya pikipiki. Hakuwa ameondoka. Alikuwa ametoka tu machoni pangu. Wakasalimiana, akampokea mtoto, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. Nilirudi ndani haraka kabla hawajaniona.

Binti yangu alipoingia alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko kunawa. Kisha akaniita.

"Mama, hapa kwenye mgomba umemwaga nini?"

"Maziwa ya mume wako. Yamekatika."

Alichuchumaa, akawafukuza kuku, akachukua kibonge kimoja akakitazama. Aliponiangalia machozi yalikuwa yameshamlenga.

"Mama, hii ni dang'a."

Sikujua dang'a. Mimi nimezaliwa kwenye mpunga. Akanieleza kama mtu anavyomweleza mtoto, na sauti yake ilikuwa ya chini kwa makusudi ili mume wake nje asisikie. Ng'ombe akizaa, maziwa ya siku za kwanza huwa ya njano na mazito, ndiyo dang'a, na ukiyachemsha yanaganda namna ile kwa sababu ndivyo yalivyo. Hayajaharibika. Ndama ndiye mwenyewe, watu wanapata kidogo tu, na yule mama mkwe wake haruhusu yatoke nje ya boma lake. Anawapa watoto wa nyumbani.

"Sasa huyu ng'ombe ni wa mwanangu," akasema. "Siku tuliyopiga simu kwamba amezaliwa, bibi yake alimtolea mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Juzi mtamba kazaa. Bibi akasema mwenye ng'ombe aonje wa kwanza, wengine watafuata. Ndiyo maana baba yake kaondoka saa tisa alfajiri, yasiharibike njiani."

"Mbona hukuniambia mtoto ana ng'ombe?"

"Ulikuwa hutaki kusikia habari za kule, mama. Nikianza, unaondoka."

Hilo nalo ni kweli. Nilikuwa naondoka. Nilikaa kwenye kigoda nikakosa la kufanya na mikono yangu, jambo ambalo halinitokei. Mjukuu wangu ana miezi sita, ndiyo kwanza ameanza kulamba uji, na chakula cha kwanza cha mali yake nimewapa kuku.

"Imebaki nusu," nikasema. "Kwenye dumu."

Hakunipa nafasi ya kuomba msamaha. Alinikabidhi kitenge chake, akafunga kanga kiunoni, akachukua lile dumu. Muda huohuo muuza maziwa akafika na kengele yake na tabasamu, akasema alikuwa njiani. Binti yangu akapokea lita moja akaichanganya na ile dang'a, akaonja, akaongeza kidogo. Akaweka sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, akapunguza mkaa mpaka ukabaki makaa matatu, akafunika na sahani. Nikamuuliza amejifunza wapi.

"Kwa bibi yake. Ukiikorogakoroga inakasirika."

Akatoka kumchukua mtoto kwa baba yake, na ilipoanza kushikana alichota kidogo kwa ncha ya kidole kabla ya kutia sukari, akapuliza, akampaka mdomoni. Mtoto alikunja uso, akafikiria, akafungua mdomo tena. Baada ya hapo akatia sukari na iliki yangu, akangoja. Alingoja kweli. Nilimtazama binti yangu amesimama mbele ya jiko, uzito wote kwenye mguu mmoja, hageuki mlangoni, hafunui sufuria, hakorogi. Nilikuwa nimeishi naye miezi sita nikimlinda asirudi mahali ambapo moyo wake haukutoka hata siku moja.

Ilipokuwa tayari ilikuwa laini, inatikisika ukigusa sufuria, rangi ya ute wa yai la kuchemsha na manjano kidogo. Akapanga slesi zangu zilizokunywa shira kwenye sahani kubwa, akachota dang'a juu yake, akanyunyiza korosho. Yule mama wa Kipakistani asingekitambua. Binti yangu akakata kipande akanipa kwanza mimi. Kilikuwa kizuri.

Kisha akasimama na sahani mkononi, hasogei.

"Mama, na wewe unajua. Hawezi kula ukiwa hapa."

Nilijua. Siku nyingine ningesema hapa ni kwangu, asiyetaka kula aache. Nilichukua kandambili zangu nikatoka kwa mlango wa nyuma, ili asilazimike kunikwepa.

Nilitembea mpaka barabara ya sokoni. Sikuwa na cha kununua. Nikasimama kwa muuza nyanya nikaminyaminya nyanya zake mpaka akaniuliza kama nataka au sitaki. Nikajiuliza mtu anakula slesi nne kwa muda gani. Nikaanza kurudi, nikaona ni mapema, nikageuka. Nikafika tena kwa nyanya, nikageuka tena. Vijana wa bodaboda wawili waliniuliza kama nimepotea. Nilimtega mtoto wangu kwa mkate, na sasa mkate unaliwa na mtu mwingine ndani ya nyumba yangu, na mimi nimetolewa nje kwa heshima zote. Nilitaka kukasirika ili nipate nafuu. Hasira haikuja. Ilikuja sauti yake tu, "Nisamehe, mayu," na mgongo wake, na pikipiki aliyoisukuma bila kuiwasha ili asiondoke kwa kelele.

Niliporudi sahani ilikuwa imeoshwa na kugeuzwa juu ya kichanja. Mkwe wangu alikuwa nje na mtoto, anamwonyesha kuku. Aliponiona akachuchumaa na mtoto wake, ubavu upande wangu.

"Asante, mayu. Nimekula vizuri."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yaliyotoka yalikuwa machache kuliko niliyopanga.

"Baba, nilikusema vibaya. Leo, na ile siku ya hospitali."

Alichora chini kwa kidole.

"Ile siku hata mimi niliogopa, mayu," akasema.

Katika miezi sita sikuwa nimefikiria kwamba alikuwa anaogopa. Nikaingia ndani kabla sijalia mbele yake. Binti yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, begi limefunguliwa miguuni, bado halina kitu.

"Mnaondoka lini?" nikamuuliza.

"Ukisema kesho, kesho."

"Kwani mimi ndiye wa kusema?"

"Mama, mimi niko tayari tangu barabara ilipokauka. Huko kliniki nilienda nikiwaza tu nikuambieje. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nilifungua kabati nikatoa nguo za mtoto, nikakaa naye kitandani nikaanza kuzikunja. Nilizikunja vibaya, nikazikunjua, nikazikunja tena, na yeye akaniacha niendelee mpaka zikaingia zote kwenye begi.